Ubao wa katani: shajara ya mradi wa nyuzi za neva, Tanga

Mei, Jumamosi ya mwanzo

Mradi umeanza rasmi leo, maana plaiwudi imelipiwa.

Kwa anayefungua shajara hii kwa mara ya kwanza: tunatengeneza ubao wa mchezo wa kuwaonyesha wanafunzi wa sekondari hapa Tanga jinsi nyuzi za neva zinavyotafuta njia wakati ubongo ungali unajengwa, iwe ndani ya yai au tumboni mwa mama. Mimi ni fundi wa redio na simu, karakana yangu iko Ngamiani. Aliyenitia kwenye jambo hili ni dada yangu, mwalimu wa baiolojia. Binti yake, yuko kidato cha tatu, ndiye msaidizi wangu, mkaguzi wangu na mpinzani wangu mkuu.

Chanzo ni swali aliloulizwa dada darasani. Kitabu kina picha: jicho huku, ubongo kule, katikati mstari wa njano. Mwanafunzi akauliza, “Mwalimu, huu mstari kitabuni kachora mchoraji. Mwilini unachorwa na nani?” Darasa likacheka. Dada hakucheka, alikuja na swali hilo nyumbani.

Na ni swali la haki. Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Neva ya jicho moja tu ina nyuzi kama milioni moja, na kila uzi una pahala pake pa kwenda kuunga. Jeni zetu zinazotengeneza protini hazizidi sana 20,000. Hata ungetaka kuandika anwani ya kila uzi, daftari halitoshi. Hakuna ramani iliyokunjwa pembeni inasubiri kufunguliwa. Kuna uzi unaorefuka, unasoma kilicho mbele yake, unakata shauri, unasogea, unasoma tena.

Kwa hiyo tumewekeana sharti kabla ya kununua hata msumari: kwenye ubao wetu hakuna atakayechora njia. Njia itoke yenyewe kwenye maamuzi madogo madogo ya mchezaji. La sivyo tutakuwa tumeutoa mstari wa njano kitabuni tukaubandika kwenye plaiwudi.

Mei, Jumatano

Vifaa. Plaiwudi nusu shiti, milimita 9. Misumari ya inchi moja, imepigwa kwa safu, msumari na msumari inchi tatu. Kwenye kila msumari inaning'inia kadi, na nyuma ya kadi kuna namba. Kadi tumezipata bure kwa jamaa wa stesheneri aliyekuwa na bunda la kadi za mchango wa harusi zilizochapwa tarehe isiyo yenyewe. Kwa hiyo ubao wetu wa sayansi, ukiutazama kwa mbele, unakuomba mchango mara mia na ushee. Dada anataka tuzigeuze. Mimi naona ziachwe vivyo hivyo, zinawafanya watoto wasogee.

Nyuzi zenyewe ni katani. Kuna aliyeshauri naironi kwa kuwa haichomozi singa, nikamwambia Tanga hii, iliyojengwa na mkonge tangu Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida mwaka 1893 ikafika salama 62 tu, leo tuje kununua naironi? Ila kusema kweli katani ina usumbufu wake. Ukiivuta kavu kati ya misumari inachana ngozi, na singa zinashika kadi za jirani.

Mzee mmoja wa mtaani, aliyemaliza ujana wake kwenye korona, ile mashine ya kutoa singa kwenye majani, ya shamba la mkonge upande wa Muheza, ndiye aliyetuonyesha. Alichambua singa chache kwa vidole, akazichana kwa kitana cha nywele, akalowesha kiganja, akakunja suruali hadi juu ya goti na kuzisokotea pajani kwa mkono mmoja huku wa pili ukilisha singa mpya pale za kwanza zinapokaribia kuisha. Halafu akaupitisha uzi kwenye bonge la nta ya nyuki, mara moja kwenda, mara moja kurudi. Ukatoka laini, unakunjika kwenye msumari bila kufumuka. Binti alijaribu, uzi wake ukatoka na vinundu. Mzee akasema, “Mjukuu, usiusukume. Uache paja likokote.”

Mei, wiki ya mwisho

Kanuni za kusoma. Hapa tumekaa kuliko pahala pengine popote.

Uzi wa neva, yaani aksoni, hukua kwa nchani. Ncha hiyo imetanuka, ni bapa, ina vidole vyembamba vinavyotoka na kurudi kila baada ya dakika chache. Wataalamu huiita koni ya ukuaji, na vidole vyake filopodia. Ndani ya kila kidole kuna nyuzi za aktini zinazorefushwa mbele na kuvutwa nyuma muda wote. Kidole kikigusa pahala panapofaa, aktini hutia nanga pale, kisha mikrotubuli, ambayo ni mihimili ya ndani ya aksoni, husogea kuujaza upande huo. Kikigusa pahala panapokataza, aktini hubomoka na kidole kinanywea. Kikatazo kikiwa kikali, koni nzima inanywea na uzi unasimama. Kupinda kona, basi, ni upande mmoja kushika na wa pili kunywea. Hakuna usukani.

Mhispania Santiago Ramón y Cajal aliiona koni hii mwaka 1890 katika ugwe wa mgongo, yaani ule mkungu wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, wa kiinitete cha kuku, kifaranga ambacho bado kinajengeka ndani ya yai. Alichokuwa nacho ni vipande vilivyokufa, vimetiwa rangi, vimelala kwenye kioo. Kwa picha hizo zisizosogea akasema hii ndiyo ncha inayokua, na haikupita miaka mingi akatoa wazo kwamba inavutwa na kemikali zinazotoka kule inakokwenda. Napenda sana habari hii. Mtu anatazama kitu kilichosimama, anakuambia kilikuwa kinakwenda wapi.

Si wote waliokubali. Wapo walioshikilia kwamba aksoni haikui, bali ni mlolongo wa seli zilizoungana. Ubishi huo ulivunjwa na Mmarekani Ross Harrison mwaka 1907. Alichukua kipande cha mrija wa neva, ule unaokuja kuwa ubongo na ugwe, wa kiinitete cha chura, akakitundika ndani ya tone la limfu lililoganda chini ya kioo, akakaa na darubini. Nyuzi zikarefuka mbele ya macho yake, humo ndani ambamo hamkuwa na mlolongo wowote wa kuungana nao. Mbinu ya kukuza seli hai nje ya mwili, ambayo leo imejaa kwenye maabara za dunia nzima, ilianzia kwenye tone lile.

Kanuni yetu sasa. Mchezaji ndiye koni. Anaruhusiwa kuinua kadi za misumari inayopakana na ule alipo, basi. Haruhusiwi kuchungulia upande wa pili wa ubao, haruhusiwi kuuliza. Yuko kama mtu anayepapasa ukuta gizani umeme ukikatika: anajua kilicho chini ya vidole vyake, hajui mlango uko wapi. Akishasoma kadi za jirani, anachagua penye namba kubwa, anazungusha katani kwenye msumari huo, zamu inapita.

Halafu dadu. Mimi sikuitaka. Binti akasema, “Mjomba, bila dadu hiyo ni hesabu ya nyumbani, si mchezo.” Dada akamuunga mkono kwa sababu nyingine kabisa. Koni ina upana wa mikromita chache hadi kumi na ushee, na tofauti ya kemikali kati ya ubavu wake wa kulia na wa kushoto ni ndogo mno. Molekuli zinagonga vipokezi, yaani protini za usoni mwa koni zinazoipa habari, kwa bahati, leo tatu upande huu, mara tano upande ule. Koni inasoma palipo na kelele, na bado inafika. Kwa hiyo kila mchezaji anarusha dadu kabla ya kusogea, na ikitua sita, jirani yake ndiye anayemchagulia msumari. Tumejaribu: nyuzi zinapinda ovyo, zinazurura, lakini nyingi zinafika zinakotakiwa, kwa sababu kila hatua inasomwa upya. Nimekubali kushindwa kwenye hili la dadu.

Juni, mwanzoni

Ubao wa kwanza: ugwe wa mgongo, kuvuka mstari wa kati.

Upande wa kulia wa ubongo unasimamia mkono wa kushoto, na wa kushoto unasimamia wa kulia. Kwa hiyo ziko nyuzi nyingi ambazo hazina budi kuvuka katikati ya mwili. Tumechagua zile zinazozaliwa upande wa mgongoni wa ugwe, zikashuka upande wa tumboni, zikavuka mstari wa kati mara moja tu, halafu zikapinda kuelekea kichwani. Zikishavuka, hazirudi.

Kinachozivuta kilitafutwa muda mrefu. Mwaka 1994 kundi la Marc Tessier-Lavigne kule San Francisco lilitangaza protini mbili zilizosafishwa kutoka kwenye ubongo wa viinitete vya kuku vipatavyo 25,000. Binti akaisoma namba hiyo mara mbili. “Mjomba, hizo ni chipsi mayai ngapi?” Sikumjibu, lakini nilipiga hesabu kimoyomoyo. Protini hizo ziliitwa netrini. Utamu wa habari ni kwamba mnyoo mdogo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, tayari alikuwa amejulikana kuwa na jeni ya ukoo huohuo, unc-6, na ikiharibika baadhi ya aksoni zake zinapotea. Kuku na mnyoo hawana wanachofanana kwa sura, lakini nyuzi zao zinaongozwa kwa protini za ukoo mmoja.

Tukaweka namba nyekundu za netrini, kubwa kabisa kwenye mstari wa kati, zikipungua kadiri unavyorudi mgongoni. Wanafunzi wanne wa dada wakaja Jumapili kucheza. Nyuzi zikashuka vizuri, zikafika mstari wa kati, zikaganda hapo. Wakavuka, wakarudi, wakavuka tena. Katani ikajizungusha kwenye misumari miwili ya katikati hadi ikawa bonge. Mmoja akauliza kama ameshinda.

Hawakukosea kanuni hata moja. Mvuto ukiwa ndio sheria pekee, mstari wa kati ni mtego. Na jambo hilo limeshaonekana kwa viumbe hai. Mwaka 1993 watafiti wa maabara ya Corey Goodman, Marekani, walichuja nzi wa matunda wenye jeni zilizoharibika, wakapata aina ambayo aksoni zake zinavuka mstari wa kati, zinarudi, zinavuka tena, zinazunguka palepale. Jeni hiyo wakaiita roundabout, kwa kifupi Robo. Kwenye mchujo uleule wakapata aina nyingine ambayo aksoni hazivuki kabisa. Baadaye ikajulikana kwamba Robo ni kipokezi, na kinachopokewa ni protini Sliti, inayotolewa na seli zilezile za mstari wa kati. Kazi yake ni kufukuza.

Yaani mlango mmoja una anayekuita na anayekufukuza, wote wawili wamesimama hapo kwa wakati mmoja. Kinachobadilika ni masikio ya mgeni. Katika nzi, kabla ya kuvuka, kuna protini nyingine, Comm, inayozuia Robo isifike kwenye uso wa koni. Sliti ipo, lakini koni haiisikii. Ikishavuka, Comm inazimwa, Robo inajaa usoni, na pale palipokuwa pazuri panakuwa hapakaliki. Koni inasukumwa mbele, na njia ya kurudi imefungwa.

Mimi nilipofika hapa ndipo mradi ulipopata uzito machoni pangu. Ukimsimulia mtu habari za ubongo kujijenga, anadhani ni habari ya kuvutwa: kila uzi unaitwa kwake. Nusu ya kazi ni kufukuzwa. Bila kufukuzwa hakuna anayefika, wote wanaishia kituo cha kwanza.

Juni, siku mbili baadaye

Tumeongeza namba nyeusi za Sliti kwenye kadi zilezile, na kila mchezaji amepewa kadi ya kipokezi. Uso wa kwanza umeandikwa: SOMA NYEKUNDU, NENDA KUBWA. Ukivuka mstari unaigeuza: SOMA NYEUSI, NENDA NDOGO. Tungekuwa nayo Jumapili ile, wangemaliza mchezo kwa nusu saa. Safari hii nyuzi ziliteremka, zikavuka, zikaondoka. Kwa upande wa pili tumeweka pia namba za kijani za kuzielekeza kichwani, lakini hilo ni nyongeza tu, sitalirefusha.

Binti hakuridhika. “Nani anageuza kadi?” Nikamwambia Comm. “Na Comm anajuaje kwamba tumevuka?” Nikamwambia muulize mama yako. Mama yake akasema watu wameshatumia maisha yao kwenye swali hilo, aje alale.

Dada ameandika kwa chaki pembeni ya ubao habari mbili za binadamu, maana wanafunzi daima huuliza “sisi je?” Mwaka 2004 iligundulika kwamba watu wenye hitilafu katika jeni ROBO3 hawawezi kuzungusha macho kulia na kushoto, na uti wao wa mgongo hupinda kadiri wanavyokua. Nyuzi zilizotakiwa kuvuka kwenye shina la ubongo hazikuvuka. Na mwaka 2010 hitilafu katika DCC, kipokezi cha netrini, ilihusishwa na familia ambazo mkono mmoja ukifanya kitu, wa pili unauiga bila mwenyewe kutaka. Kulia anafunga kifungo cha shati, kushoto nako vidole vinafunga kifungo cha hewani.

Juni, katikati

Toleo la pili la kadi za netrini. Dada alikuwa na makala mbili za mwaka 2017 zilizotingisha kijiwe hiki. Kwa miaka zaidi ya 20 picha ya vitabuni ilikuwa kwamba netrini inatoka mstari wa kati, inasambaa kwenye majimaji, na koni inafuata harufu yake kutoka mbali. Makundi mawili yakaifuta netrini ya mstari wa kati peke yake kwenye viinitete vya panya, na aksoni nyingi zikafika na kuvuka bila shida. Zilipotea pale ilipofutwa netrini inayotengenezwa na seli za ndani ya ukuta wa mrija wa neva, zile zilizo kando ya njia yenyewe. Maana yake ni kwamba mvuto wa karibu, wa kugusa na kushika, una kazi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Mstari wa kati haukuachwa bila kazi, bado mjadala unaendelea juu ya mchango wake, lakini ile picha ya mnara mmoja unaoita kutoka mbali imepunguzwa.

Kwetu sisi imekuwa rahisi: seti ya pili ya kadi, namba nyekundu zimelala kwa ukanda kando ya njia. Mwalimu anapachika seti A, wanacheza, anapachika seti B, wanacheza tena, halafu anawauliza kwa kutazama katani tu kama wanaweza kutofautisha. Karibu haiwezekani. Nyuzi zinakwenda vilevile. Nadhani hiki ndicho kitu kizuri kabisa tulichotengeneza, na hatukukipanga. Mwanafunzi anaona kwa nini kosa kama hilo liliweza kukaa vitabuni muda wote huo: njia iliyokamilika haikuambii nani aliyeiongoza.

Juni, Jumatatu usiku

Mayai.

Dada alitaka siku ya maonyesho tufungue mayai ya siku nne, watoto waone jicho. Mimi sikupenda, na jirani yetu mwenye kuku alikataa katakata. “Mwanangu, kuku wangu ameyaatamia kwa uchungu wake, nyie mkayavunje mchezoni?” Tukaafikiana tuyapime kwa tochi, tuyarudishe.

Tuliyachukua usiku, kuku akiwa ametulia, mawili mawili, kwenye kanga. Nimetengeneza kiboksi cheusi chenye taa ndogo ya LED na tundu la ukubwa wa shilingi. Unakalisha yai upande wa butu. La kwanza halikuonyesha kitu, njano tupu: halikurutubishwa. La pili lilikuwa siku ya nne. Mishipa ya damu imetanda kutoka doa moja, myekundu, myembamba, na ukitulia unaona doa linatikisika, kwa kuwa moyo umeshaanza kazi tangu siku ya pili. Pembeni ya doa, nukta nyeusi. Jicho.

Binti aliushika mkono wangu ili kiboksi kisitikisike. Dada akawa anasema kwa sauti ya chini, maana kuku alikuwa anaguna. Siku kama hizi nyuzi za kwanza zinatoka nyuma ya jicho hilo. Zinakwenda kwenye makutano chini ya ubongo, na kwa kuku zote zinavuka, jicho la kulia linakwenda kushoto na la kushoto kulia. Kwa binadamu zinazovuka ni zaidi kidogo ya nusu. Siku ya sita hivi za mbele zinaingia tektamu, paa la ubongo wa kati, ambako kuku hupokelea anachokiona. Kasi yake ni makumi ya mikromita kwa saa. Safari yote ni ya milimita kadhaa, na huo ndio ujanja: inafanyika wakati mwili ungali mdogo. Kemikali inayosambaa inafaa kwa umbali wa milimita moja hivi, zaidi ya hapo inakuwa nyembamba mno kusomeka. Kwa hiyo safari inakatwa vipande, kila kipande na alama zake, na nyuzi zinazochelewa zinafuata zilizotangulia, zikishikana nazo ubavuni. Mwili ukija kurefuka, uzi umeshaunga, unavutwa tu pamoja nao.

Tukayarudisha. Kuku alinidonoa.

Julai

Ubao wa pili: jicho na tektamu. Huu umekwenda upesi kuliko wa kwanza, kwa kuwa tulishajua tunataka nini.

Kufika haitoshi. Nyuzi za jicho zikifika tektamu lazima zijipange kwa mpangilio wa jicho, jirani akae na jirani, la sivyo picha inavurugika. Roger Sperry alilionyesha hili miaka ya 1940. Alikata neva ya jicho la chura, ambaye tofauti na sisi neva yake huota tena, akalizungusha jicho digrii 180, juu ikawa chini. Nyuzi zikaota. Chura akaanza kuona, lakini inzi akiwa juu, yeye anarusha ulimi chini. Na hakujirekebisha. Kwa hiyo nyuzi zilirudi kila moja pahala pake pa zamani, pawe na faida au pasiwe. Mwaka 1963 Sperry akaandika wazi: seli zina alama za kikemikali, na alama hizo zinaweza kuwa za kupanda na kushuka kwa kiasi badala ya alama moja kwa kila seli. Ndilo jibu la daftari lisilotosha. Ngazi mbili za kemikali, moja ya urefu na moja ya upana, zinatosha kupata kila pahala kwenye ubao.

Alama zenyewe zilisubiri. Friedrich Bonhoeffer na wenzake huko Tübingen mwaka 1987 walitandaza utando wa seli za tektamu ya kuku kwa mistari, mstari wa mbele, mstari wa nyuma, mstari wa mbele. Nyuzi za upande wa jicho ulio mbali na mdomo zilifuata mistari ya mbele tu. Utando wa nyuma ulipoharibiwa kwa joto, nyuzi hazikubagua tena: kumbe hazikuwa zinavutwa na mbele, zilikuwa zinafukuzwa na nyuma. Mwaka 1995 wafukuzaji wakapatikana, protini za jamii ya efrini, zinazoongezeka kadiri unavyokwenda nyuma ya tektamu.

Kwenye ubao wetu kila mchezaji anapewa kadi ya kipokezi yenye namba, moja hadi sita. Namba za efrini zinapanda kuelekea nyuma. Jumla ya namba yako na ya kadi ikizidi saba, unasimama, huendi mbele. Mwenye sita anasimama karibu na mlangoni. Mwenye moja anakwenda hadi mwisho. Hawakuambiwa wakae wapi, na wanajipanga. Kilele cha mchezo ni pale mwalimu anapowaambia watazame walivyokaa.

Kanuni hii imerahisishwa, dada amesisitiza niandike. Katika kiinitete halisi nyuzi hupitiliza, hutoa matawi, na matawi yasiyofaa hukatwa. Tena kuna mawimbi ya umeme yanayopita kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kabla mnyama hajafungua macho, yaliyorekodiwa mwaka 1991 kwa vicheche wachanga, yanayosaidia kunoa mpangilio. Kemikali inajenga, umeme unanyoosha. Hiyo tumeiacha kwa mwaka mwingine.

Julai, baada ya maonyesho

Ubao ulipelekwa kwa guta, nimeufunga mwenyewe kwa kamba nne, na bado kadi kadhaa zilipeperuka njiani, na upepo wa baharini haukutusaidia. Wanafunzi waliokuja ni wengi kuliko nafasi. Ubao wa kwanza ulijaa muda wote. Kadi za mchango zilifanya kazi yake.

Swali lililonibakia liliulizwa na kijana wa kidato cha nne, baada ya wenzake kuondoka. “Shikamoo. Kaka yangu alianguka na bodaboda, mgongo ukavunjika, miguu haifanyi kazi. Kama hizi nyuzi zinajua njia, kwa nini zisiote tena?”

Dada alimketisha. Akamwambia ukweli kama ulivyo. Neva za mkono au mguu zikikatika huweza kuota, polepole, kama milimita moja kwa siku. Za ugwe wa mgongo wa mtu mzima, hapana. Kwa muda mrefu ilidhaniwa zenyewe zimepoteza uwezo. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo huko Montreal walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya, wakakipachika kama daraja kati ya shina la ubongo na ugwe wa mgongo. Nyuzi za ndani ya ubongo na ugwe ziliingia humo na kuota sentimita kadhaa. Zilipotoka mwisho wa daraja, zikarudi kwenye ugwe, zikasimama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tatizo ni mazingira. Ugwe wa mtu mzima umejaa vikatazo, vilivyo kwenye mafuta yanayozifunika nyuzi na kwenye kovu la jeraha, na koni ikivigusa inanywea. Zenyewe pia zimepungua nguvu ya kukua. Watu wanaendelea kutafuta jinsi ya kuvizima vikatazo hivyo. Dawa ya kumpeleka kaka yake kesho asubuhi, haipo.

Kijana alisimama kwenye ubao, akauliza kama tunaweza kutengeneza wa tatu, wenye jeraha katikati. Nimeshachukua nusu shiti iliyobaki. Kadi nyeusi zitakuwa nyingi kuliko nyekundu, na daraja litakuwa kipande cha mbao kisicho na kadi nyeusi hata moja, kinachoondoshwa na kurudishwa. Atakuja Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri kupiga misumari. Katani ipo, nta imebaki robo bonge, misumari inatakiwa kilo nyingine.